Shajara ya Mradi: Kupanga Tuzo za Mbio za Magari ya Umeme Yaliyoundwa na Wanafunzi

Januari, wakati wa kaskazi

Kamati ya mashindano imekutana baada ya sikukuu ya Mapinduzi na kugawana kazi. Wenzangu wamechukua njia ya mbio, ulinzi wa watazamaji, barua za kuombea vibali na mawasiliano na walimu wa skuli na vyuo vitakavyoshiriki, Unguja na Pemba. Mimi nimekabidhiwa tuzo. Baadhi ya wajumbe waliona kuwa nimepewa sehemu nyepesi, yaani kutafuta makombe na kuandika vyeti, na kwamba ingetosha nikianza mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe. Nimeomba kinyume chake, na kamati imekubali: jedwali la tuzo na alama liandikwe kwanza, kabla kanuni za kuunda gari hazijakamilika, kisha skuli zipelekewe vyote viwili kwa pamoja.

Nimeomba hivyo kwa sababu mwanafunzi anayepokea kitabu cha kanuni haanzi na ukurasa wa kwanza. Hutafuta ukurasa wa alama, na kutokea hapo huunda gari linalolipwa. Ushahidi wa jambo hili uko wazi katika mashindano makubwa ya nje. Shell Eco-marathon na Formula SAE huwavutia vijana wa aina moja, wanafunzi wa uhandisi, lakini magari wanayoleta hayafanani hata kidogo. Gari la daraja la Prototype katika Eco-marathon ni jembamba, aghalabu la magurudumu matatu, na dereva wake hulala karibu chali. Gari la umeme la Formula SAE lina magurudumu manne yaliyo wazi, tairi pana, na ruhusa ya kuchota hadi kilowati 80 kutoka kwenye betri yake. Tofauti hiyo haikuletwa na fedha wala werevu peke yake: mashindano ya kwanza hulipa kilomita zinazopatikana kwa kilowati-saa moja, na ya pili hulipa gari linaloharakisha, linalokata kona, linalostahimili masafa na linaloweza kuelezwa na walioliunda.

Mbio zetu ni ndogo na zitabaki ndogo. Kila gari litakuwa na dereva mmoja, mota moja na betri mbili za asidi za volti 12, za aina iliyofungwa isiyomwagika, zilizounganishwa mfululizo kuwa volti 24. Muundo huu tumeuchukua kwa Greenpower, mashindano ya skuli za Uingereza yaliyoanza mwaka 1999 katika uwanja wa Goodwood, ambako timu zote hutumia mota na betri za aina moja na mshindi ni anayekwenda mbali zaidi katika muda uliowekwa.

Februari, kusoma majedwali ya wengine

Nimetumia sehemu kubwa ya mwezi huu kuchambua alama za Formula SAE, mashindano yaliyoanza Marekani mwaka 1981 kwa injini za petroli na ambayo sasa yana daraja la umeme. Jumla ni alama 1,000. Kabla gurudumu halijazunguka, timu hushindania alama 325: usanifu wa kihandisi 150, gharama na utengenezaji 100, na uwasilishaji wa mpango wa biashara 75. Alama 675 zilizobaki hupatikana barabarani: kuharakisha kwa umbali wa mita 75 ni alama 100, mzunguko wa namba nane 75, mzunguko mmoja wa kasi kwenye njia yenye kona 125, mbio za masafa za kilomita 22 alama 275, na ufanisi wa nishati 100.

Kinachonivutia ni uwiano. Jambo ambalo watazamaji hulipenda kuliko yote, yaani gari kuruka kutoka kusimama hadi mwendo mkali, ni sehemu moja tu ya kumi. Masafa na ufanisi vikijumlishwa vinapita theluthi. Mwezi Septemba 2023 wanafunzi wa ETH Zurich, nchini Uswisi, walilifikisha gari lao Mythen kwenye kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 0.956, wakaivunja rekodi ya sekunde 1.461 iliyowekwa na wanafunzi wa Stuttgart mwaka 2022. Habari hiyo ilienea duniani kote, na ilistahili. Lakini mbio za rekodi hufanywa pembeni ya mashindano. Hazina alama hata moja katika jedwali. Nimelieleza jambo hili kwenye kikao kwa sababu wajumbe wawili walikuja na picha ya Mythen kwenye simu zao wakitaka tuzo kuu iwe ya mwendo.

Mfano wa pili ni wa Australia. World Solar Challenge, mbio za magari ya jua kutoka Darwin hadi Adelaide, umbali wa kilomita zipatazo 3,000, zilianza mwaka 1987. Kwa miaka mingi zilikuwa zikimtuza anayefika kwanza, na magari yakazidi kuwa bapa na membamba, yenye kiti kimoja, chombo ambacho hakuna mtu angekwenda nacho sokoni. Mwaka 2013 waandaaji waliongeza daraja la Cruiser, ambalo huhesabu pia abiria, nishati iliyotumika na manufaa ya gari kwa matumizi ya kawaida. Mwaka huohuo wanafunzi wa Eindhoven wakaleta Stella, gari la jua la viti vinne, wakashinda. Jua la Australia lilikuwa lilelile na barabara ileile, ila tuzo ilibadilika na gari likabadilika. Sijapata hoja nzuri kuliko hiyo ya kuwaonyesha wenzangu kwa nini kazi hii haiwezi kungoja hadi mwisho.

Eco-marathon yenyewe ilitokana na ubishi wa wanasayansi wa Shell huko Wood River, Illinois, mwaka 1939, juu ya nani angekwenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha mafuta. Mshindi alipata takriban kilomita 21 kwa lita. Leo ina tuzo za nje ya barabara pia: mawasiliano, usanifu wa gari, ubunifu wa kiufundi, usalama, na tuzo ya ustahimilivu na ari ya mashindano. Nimezinakili zote, lakini si zote zitavuka bahari. Tuzo ya mawasiliano, kwa mfano, kwa skuli zetu ingekuwa tuzo ya nani ana simu nzuri zaidi.

Machi, mjadala wa tuzo kuu

Kikao cha leo kilikuwa kirefu. Vijana wanaowakilisha timu walitaka mbio za kufukuzana, anayetangulia mstari ashinde. Maalim wa umeme alitaka ufanisi mtupu, kilomita kwa kilowati-saa. Nilipendekeza njia iliyo katikati yao: umbali ndani ya muda uliowekwa, kwa betri zilezile kwa kila timu, bila kubadilisha betri wala kuzichaji njiani.

Hesabu yake ndiyo iliyowashawishi. Betri mbili za ampea-saa 35, volti 24, zina wati-saa 840 kwenye karatasi. Lakini namba inayobandikwa kwenye betri ya asidi kwa kawaida hupimwa kwa kuitoa chaji polepole kwa muda wa saa 20, sawa na chini ya ampea mbili. Mota ikivuta ampea 30, betri ileile hutoa kidogo sana kuliko ilivyoandikwa, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza kwa kanuni mwaka 1897. Pili, ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika kuushinda hukua kwa mchemraba: ukiongeza mwendo maradufu, nguvu ya kuipasua hewa inapanda mara nane. Kwa hiyo timu inayokanyaga sana mwanzoni inaadhibiwa mara mbili, na betri na hewa, na timu inayotambaa inaadhibiwa na saa. Kati ya hizo mbili upo mwendo mmoja ulio bora, na kuutafuta ndiyo elimu tunayotaka ilipwe. Mashindano ya magari ya jua ya Afrika Kusini, Sasol Solar Challenge, nayo humpa ushindi anayekusanya kilomita nyingi zaidi badala ya anayefika kwanza.

Mjumbe mmoja, mtu mzima kuliko sisi sote, aliongeza hoja ambayo haikuwamo katika makaratasi yangu. Alikumbusha kwamba umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kuanzia mwaka 1980, na kwamba umeme huo ulipokatika mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, kisha kuanzia Desemba 2009 giza likarudi kwa kiasi cha miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013. Alisema kuwa wanafunzi hawa walikuwa wadogo mno au hawajazaliwa, na kwamba mashindano yanayowafundisha kuhesabu kila wati-saa yana maana hapa kuliko kwingineko. Baada yake hakuna aliyeomba tena tuzo kuu ya kasi.

Hata hivyo kasi haikufukuzwa kabisa. Tumeweka tuzo ndogo ya mzunguko mmoja wa haraka kuliko yote, yenye cheti bila alama. Vijana ni vijana, na siku bila shangwe ingepoteza watazamaji kabla ya adhuhuri.

Machi, mwisho wa mwezi: gharama

Sehemu ya gharama imenipa taabu kuliko zote, na naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo itakayozua malalamiko. Hali za timu zetu hazilingani. Baadhi ya skuli zina karakana yenye mashine ya kuchomelea, nyingine zina meza mbili na misumeno ya mkono. Tukitoa tuzo kwa gari la bei rahisi kuliko yote, tutakuwa tunalipa risiti zilizofichwa. Tukiacha gharama isihesabiwe, atashinda aliyeagiza mota kutoka nje, na mbio zitakuwa za wazazi.

Formula SAE hulitatua hili kwa jedwali la bei za kawaida: gharama ya gari huhesabiwa kwa bei zilizokubaliwa, wala si kwa kile timu ilicholipa. Nimeichukua kanuni hiyo na kuipunguza ukubwa. Kila kitu kilichomo katika gari kitaandikwa kwa bei yake ya soko mjini, hata kama kilitolewa bure. Ringi ya baiskeli iliyookotwa itaandikwa kwa bei ya ringi iliyotumika inayouzwa Darajani. Bati na mabomba yaliyotoka kwa wauza vyuma chakavu yataandikwa kwa kilo. Kazi ya fundi nayo itaandikwa, kwa saa, kwa bei ambayo fundi huyo angemtoza mteja wa kawaida. (Mjomba mwenye gereji ni rasilimali isiyotozwa kodi popote duniani, lakini angalau katika jedwali letu ataonekana.)

Alama hazitakwenda kwa gari lenye jumla ndogo kuliko yote. Zitakwenda kwa timu inayoweza kutetea kila mstari wa orodha yake: kwa nini beringi hii ilinunuliwa mpya na ile ikatolewa kwenye baiskeli kuukuu, kwa nini fremu ni chuma na si alumini, na fedha zilizookolewa kwenye kiti zilikwenda wapi. Waamuzi watachagua mistari mitatu bila kuwaarifu mapema na kuomba ielezwe. Mtunza hesabu wa skuli moja alipoisikia kanuni hii aliomba nakala aitumie kwa wanafunzi wake wa biashara, ambao hawaundi gari lolote.

Aprili, mvua za masika zimeanza

Timu za Pemba zimethibitisha kuja, na limezuka pendekezo la kuweka tuzo ya timu bora kutoka Pemba. Nia ni njema: wao watasafirisha magari kwa meli, jambo ambalo timu za mjini hazina. Nililipinga. Tuzo ya namna hiyo inamwambia mtu mapema kwamba ile kubwa haikutarajiwa iwe yake. Tatizo lao ni nauli na mizigo, na dawa ya nauli ni nauli. Kamati imekubali kutenga fedha za kusafirisha magari yao kutoka bandari ya Mkoani, na imeamua pia betri zote za mashindano zinunuliwe kwa pamoja, zichajiwe na kugawiwa hapa siku ya mbio. Kwa njia hiyo hakuna timu itakayovuka na betri, na hakuna timu yoyote, ya Unguja wala ya Pemba, itakayokuja na betri iliyo nzuri kuliko za wenzake.

Pendekezo la pili lilikuwa tuzo ya timu bora ya wasichana. Hapa sikutaka kusema kabla ya walimu wa kike kusema. Mwalimu mmoja wa fizikia alieleza kuwa katika klabu nyingi alizozitembelea wasichana wamo, wanaandika ripoti na kupaka rangi, huku mashine ya kuchomelea na vifaa vya umeme vikishikwa na wavulana; akauliza ni tuzo gani itakayolibadilisha hilo. Jibu tulilofikia liko katika mahojiano ya usanifu. Waamuzi watamchagua mwanachama yeyote wa timu na kumuuliza kuhusu sehemu yoyote ya gari: mpangilio wa gia, kipimo cha fyuzi, pembe ya usukani. Asiyejua anaipunguzia timu nzima alama. Timu inayomweka binti pembeni na brashi ya rangi itaona hasara yake katika jedwali, na timu inayowafundisha wote itaona faida, bila tuzo yoyote ya kuwatenga.

Aprili, mvua kubwa

Ukaguzi wa usalama hauna tuzo, ila ni mlango: asiyepita hapati chochote, hata cheti cha mzunguko wa haraka. Nimekaa na Maalim wa umeme tukapitia kanuni za wengine. Katika Formula SAE gari la umeme hunyunyiziwa maji kwa sekunde 120 ili kuonekana kama umeme unavuja kuingia kwenye mwili wa gari, na dereva lazima atoke ndani ya sekunde tano. Eco-marathon humpa dereva sekunde kumi, na hudai honi ya desibeli 85. Magari ya Formula SAE yanashughulika pia na volti mamia. Sisi tuko kwenye 24, ambazo kwa kawaida hazimpigi mtu shoti ya kumdhuru, lakini betri ya asidi iliyogusanishwa ncha zake kwa spana hutoa mkondo wa kuyeyusha chuma na kuanzisha moto. Kwa hiyo tumebana mahali penye hatari halisi: fyuzi karibu kabisa na betri, swichi ya kukata umeme inayofikiwa na dereva na nyingine inayofikiwa na mtu aliye nje, ncha za betri zilizofunikwa, betri zilizofungwa zisihame gari likipinduka, na breki zinazoshika magurudumu bila kutegemea mota. Dereva atapewa sekunde kumi za kutoka. Betri za lithiamu haziruhusiwi mwaka huu, kwa kuwa zinahitaji mfumo wa kusimamia kila seli, chaja yake na zana za kuzima moto ambazo hatunazo.

Hapa ndipo nilipoongeza tuzo ambayo sikuiona katika jedwali la mtu mwingine kwa umbo hili: tuzo ya kazi ya waya. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Kiungo cha shaba kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe huwa kijani baada ya muda mfupi, ukinzani wake hupanda, hupata joto, na gari lililokwenda vizuri karakanani husimama barabarani bila sababu inayoonekana. Kila fundi wa bajaji mjini anaijua hadithi hiyo. Mwamuzi ataangalia viungo vilivyobanwa kwa koleo lake, unene wa waya kulingana na ampea, rangi zinazofuata mchoro, na kama mtu asiye wa timu anaweza kulifuatilia tatizo kwa kutumia mchoro huo. Nimependekeza mwamuzi wa tuzo hii awe fundi wa mtaani mwenye sifa, asiwe mwalimu. Kamati imekubali, baada ya ubishi kidogo kuhusu nani ana cheti na nani hana.

Mei, vipimo vya nishati

Ufanisi unahitaji kipimo, na kipimo kinahitaji kuaminika. Eco-marathon hufunga kipimo cha nishati kwenye kila gari la umeme, na sisi tumenunua vipimo vya bei nafuu vinavyoonyesha volti, ampea na wati-saa. Kabla ya kuviamini tulivifunga vyote mfululizo kwenye saketi moja yenye betri na taa za halojeni, ili mkondo uleule upite katika kila kimoja, tukaviacha vihesabu kwa muda mmoja. Havikukubaliana. Tofauti haikuwa kubwa kati ya vingi, lakini vichache vilikuwa mbali kiasi cha kuweza kubadilisha mshindi. Vile vilivyo mbali vimeondolewa, na vilivyobaki vimeandikiwa kila kimoja kigawe chake cha kusahihishia. Karatasi ya majaribio itabandikwa ukutani siku ya mbio ili timu yoyote iweze kuisoma.

Kuna mtego mwingine katika ufanisi. Tuzo ikitolewa kwa wati-saa chache kuliko zote kwa kilomita, gari litakalozunguka mara chache kwa mwendo wa mtu anayetembea litashinda, na hakuna aliyejifunza kitu. Formula SAE huziba mwanya huo kwa kumnyima alama za ufanisi anayechukua zaidi ya mara 1.45 ya muda wa wastani wa timu yenye kasi kuliko zote. Kwetu tumeweka sharti lililo rahisi zaidi kupimwa na watu wenye saa za mkononi: timu itaingia katika ufanisi endapo tu umbali wake unafikia angalau theluthi mbili za umbali wa kinara.

Juni, kipupwe

Magari mawili ya majaribio yamezunguka kwenye barabara ya ndani ya eneo letu, na tumeyapitisha katika jedwali kama vile ni siku yenyewe. Moja lilikwenda polepole hadi mwisho wa muda. Jingine lilitangulia kwa mbali, kisha betri zikalegea na likasimama kabla ya muda kwisha. Chini ya rasimu ya kwanza, gari lililosimama lingepata sifuri katika umbali, kwa kuwa rasimu ilidai gari limalize likiwa linatembea. Lakini lilikuwa limepita mizunguko karibu sawa na mwenzake. Sharti hilo limefutwa: mizunguko iliyokamilika inahesabiwa, gari liwe linatembea au limekwama. Adhabu ya kuishiwa nguvu imo tayari ndani ya umbali, haina haja ya kutozwa mara mbili.

Baada ya marekebisho jedwali limekuwa la alama 500. Umbali una 200, mahojiano ya usanifu 100, ufanisi 80, na gharama na kazi ya waya zina 60 kila moja. Yaani timu yenye gari la wastani lakini inayoelewa kila alichofanya kila mmoja wao inaweza kumpita mwenye gari zuri lililoundwa na mtu mwingine. Hilo limekusudiwa.

Tuzo ya ustahimilivu imebaki nje ya alama, na nimesisitiza isiwe zawadi ya kumfariji aliyeshika mkia. Wasimamizi wa njia wataandika kila hitilafu, saa ilipotokea na saa gari liliporudi njiani. Anayestahili ni aliyeharibikiwa vibaya na bado akarudi. Tuzo ya ari itapigiwa kura na timu zenyewe, na hairuhusiwi kujipigia. Timu iliyomwazima mpinzani wake cheni au spana itakumbukwa bila sisi kuambiwa.

Juni, vitu vya kutunuku

Makombe ya plastiki yenye rangi ya dhahabu yamekataliwa kwa kauli moja, jambo lililonishangaza kidogo. Kombe kuu litachongwa kwa mbao za mfenesi, mti uliotumika pia katika baadhi ya milango ya zamani ya Mji Mkongwe, na mchongaji ameomba aweke mnyororo kuzunguka ukingo kama ulivyo kwenye fremu za milango. Litakaa katika skuli ya mshindi kwa mwaka mmoja, kisha litarudishwa. Fedha taslimu hazitatolewa. Mshindi wa kila sehemu yenye alama atapokea zana: mashine ya kutobolea, mita ya umeme, koleo la kubania viungo, seti ya spana. Zana zitaandikwa katika daftari la mali la skuli, si kwa jina la mwanafunzi wala mwalimu, ili timu ya mwaka ujao izikute.

Mfadhili mmoja alitaka tuzo ipewe jina la biashara yake kwa sharti kwamba yeye ndiye achague mshindi wake. Amejibiwa kwa adabu kwamba jina linawezekana, kuchagua hapana. Bado hajajibu.

Julai

Barua zimekwenda skulini pamoja na jedwali la alama, kanuni za ujenzi, karatasi ya bei za soko na orodha ya ukaguzi. Waamuzi wa usanifu wamepatikana, na fundi wa waya amekubali kwa masharti ya kulipwa nauli na kupewa chakula cha mchana. Maswali yaliyorudi kutoka kwa walimu hadi sasa hayahusu mota wala betri. Wengi wanauliza jinsi ya kuandika bei ya kitu walichopewa, na mmoja ameuliza kama mwanachama mwenye kigugumizi anaweza kuyajibu mahojiano kwa kuchora. Nimejibu kwamba anaweza, na kifungu hicho kimeongezwa katika maelekezo ya waamuzi.

Kimebaki kifungu cha sare na rufaa. Timu mbili zikilingana kwa jumla, itatangulia yenye alama nyingi za usanifu. Zikilingana hapo pia, yenye ufanisi zaidi. Alama zote za timu zote, pamoja na majina ya waamuzi waliozitoa, zitabandikwa ubaoni nusu saa kabla ya kombe kutolewa, na nahodha yeyote mwenye pingamizi ataliandika na kulikabidhi kwa mwenyekiti ndani ya nusu saa hiyo. Kamati itaupitia ukurasa huu katika kikao kijacho kabla ya kupigwa chapa.